Sumaku ya Kichwani kwa Kiwewe cha Vita: Tujaribiwe, Tusiuziwe

Leo katika ukurasa wetu wa afya nimeona tuzungumzie ile mashine ya sumaku inayowekwa kichwani, ambayo matangazo ya kliniki kadhaa za binafsi yanasema inaondoa kiwewe cha vita. Wapo wanaouliza kama ni kweli, wapo wanaouliza kama ni hatari, na wapo waliokwisha kuanza kuchangishana pesa ili mzee wao akatibiwe.

Nitatoa msimamo wangu mapema ili asiye na muda wa kusoma yote asitoke bure. Kwa ugonjwa huu wa kiwewe, mashine hiyo bado IKO KWENYE MAJARIBIO. Kushiriki katika jaribio halali naunga mkono kwa mikono miwili. Kuuza gari au kumaliza pesa za chama ili kununua tiba hiyo kama vile imekwisha kuthibitishwa, hapana. Mimi si daktari, na yote nitakayosema hapa yasikuzuie kumwona daktari wako.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Hapa Marekani wanauita kwa herufi nne, PTSD. Uliingizwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka michache baada ya askari wao kurudi kutoka Vietnam, lakini ugonjwa ni wa zamani kuliko jina. Mtu aliyepitia jambo la kutisha, kama vita, kubakwa, kuteswa au ajali mbaya, jambo lile linaisha nje lakini ndani haliishi. Usiku linarudi kwa ndoto. Mchana linarudi ghafla kwa harufu, kwa sauti, kwa sura ya mtu aliyevaa gwanda. Anakwepa mahali na maneno yanayomkumbusha. Anashtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Anakuwa mkali kwa watoto bila sababu, au anapoa kabisa kama vile hayupo nyumbani. Wengi wenu mmeona yanayotokea tarehe 4 Julai Waamerika wanapowasha fataki: watoto wanashangilia uwanjani, na mama yao amejifungia chooni.

Katika jamii zetu watu hawa si wachache. Tuna ndugu waliotoka Kivu, tuna Warundi waliokimbia mwaka 1972 na wengine 1993, tuna Wanyarwanda wa 1994, tuna waliokuwa Nairobi na Dar es Salaam siku mabomu yalipolipuliwa kwenye balozi za Marekani, tarehe 7 Agosti 1998, na tuna waliochomewa nyumba Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwisho wa 2007. Si kila aliyeona mabaya anaugua, wengi hupona wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Ila kwa wale ambao hawakupona, sisi tumezoea kusema "mzee amekuwa mkali siku hizi", au "yule mama ana majini", kisha tunanyamaza miaka ishirini. Ndiyo maana likija tangazo lenye picha ya kiti kizuri na daktari anayetabasamu, linatukuta na kiu.

Sasa mashine. Jina lake kwa kifupi ni TMS. Kanuni yake aliigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilika nguvu huzalisha umeme katika kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu nayo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha mtu, wakaona mkono unacheza wenyewe bila waya kugusa ubongo. Kinachowekwa kichwani ni koili, yaani waya uliozungushwa na kufunikwa. Umeme unapita ndani ya koili kwa kitambo kidogo mno, sumaku inapenya fuvu, na ndani yake, sentimita mbili au tatu hivi kutoka juu, chembe za ubongo zinaamshwa.

Hii SIYO ile tiba ya kupigwa shoti ya umeme ambayo watu wanaiogopa. Kule mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi na mwili unatiwa kifafa makusudi. Hapa unakaa kwenye kiti macho makavu, umeziba masikio kwa sababu koili inapiga kelele, na unasikia kitu kinadonadona kichwani kama kigong'ota kwenye mti. Kwa kawaida ni dakika 20 mpaka 40, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne mpaka sita, ingawa ipo mipigo ya kisasa inayomalizika kwa dakika tatu hivi. Ukimaliza unaendesha gari lako unarudi nyumbani au kazini. Wengine kichwa kinauma kidogo. Mara chache sana mtu hushikwa na kifafa.

Kwa ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mashine hii imepata kibali. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu ya kwanza mwaka 2008 kwa watu ambao vidonge havikuwasaidia. Mwaka 2018 ikaruhusu nyingine kwa ugonjwa wa kurudiarudia mambo, kama mtu anayenawa mikono mpaka inachubuka. Uingereza nako, taasisi ya NICE iliikubali kwa sonona mwaka 2015. Kwa PTSD haijapewa kibali cha namna hiyo.

Hapo ndipo penye mlango wa biashara. Sheria ya Marekani inamruhusu daktari kutumia kifaa kilichoruhusiwa kwa ugonjwa mmoja kumtibu mgonjwa mwenye ugonjwa mwingine, akiona inafaa. Kwa hiyo kliniki ikikuambia "mashine yetu imeidhinishwa na serikali" haijasema uongo... imekupa nusu ya habari. Nusu nyingine ni swali ambalo lazima uulize mwenyewe: imeidhinishwa kwa ugonjwa GANI? Uliza pia bima italipa nini, na kwa ugonjwa upi ulioandikwa kwenye fomu. Kozi nzima hufika maelfu ya dola, na bima nyingi hulipa kwa sonona tu.

Je, majaribio yenyewe yamesema nini? Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, dalili njema zipo. Mwaka 2004 Hagit Cohen na wenzake huko Israeli walichapisha jaribio la wagonjwa 24, na waliopigwa mipigo ya kasi upande wa kulia wa mbele walipata nafuu kuliko wengine. Mwaka 2018 hapa Marekani ikatoka ripoti ya Kozel na wenzake juu ya askari wastaafu 103. Wote walipewa tiba ya mazungumzo, lakini kabla ya kila kikao cha mazungumzo nusu yao walipigwa sumaku ya kweli na nusu ya geresha. Waliopata ya kweli walipungukiwa zaidi na dalili, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Mwaka 2019 Noah Philip na wenzake, waliofanya kazi na askari wastaafu 50 huko Providence, walipata matokeo ya kati na kati: maisha ya kijamii na kazi yaliboreka, lakini kwa dalili za PTSD zenyewe, wiki mbili za mwanzo hazikuonyesha tofauti ya wazi.

Utaona kwamba hata watafiti wenyewe hawajakubaliana juu ya mpigo. Cohen alipata matokeo kwa mipigo ya kasi, Kozel alitumia ya polepole, na kawaida inaaminika kuwa ya kasi huamsha na ya polepole hutuliza! Wazo la jumla ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki, na ndani kabisa kuna kengele ya hatari ambayo kwa mgonjwa inalia hata pasipo na hatari. Ukiipa breki nguvu, kengele itapungua. Ni wazo zuri. Lakini wazo zuri si ushahidi, na sasa nitawapa habari ambayo kwa maoni yangu kila mtu anayefikiria kulipia tiba hii angepaswa kuijua.

Kulikuwa na kundi la watafiti waliotumia koili inayofika ndani zaidi. Mgonjwa alikumbushwa kwa muda mfupi tukio lililomuumiza, kisha akapigwa sumaku palepale. Jaribio lao dogo la watu 30, lililochapishwa mwaka 2013, lilileta matumaini makubwa. Wakafanya la pili, safari hii watu 125 katika vituo vingi, na ripoti ikatoka mwaka 2021. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Ila waliopigwa mashine ya GERESHA ndio waliopata nafuu zaidi kuliko waliopigwa ya kweli.

Rudia kusoma sentensi hiyo. Mashine ambayo haikufanya kitu ilishinda mashine iliyofanya kazi.

Kama kliniki moja ingekuwa imetumia koili ile kwa wagonjwa 60 bila kundi la geresha, ingeona wagonjwa wake wanapata nafuu, wangetoa ushuhuda kwa machozi ya kweli, na tangazo lingeandikwa kwa moyo safi kabisa. Hakuna ambaye angedanganya. Na bado ingekuwa si kweli kwamba ni sumaku iliyowaponya. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe shemeji yako, hautoshi. Jaribio la haki linataka watu wapangwe kwa kura, wengine wapate koili ya kweli na wengine inayotoa sauti ile ile bila sumaku yenye nguvu, na si mgonjwa wala anayempima ajue nani kapata ipi.

Kwa nini geresha isaidie? Jaribio jingine la askari wastaafu 164 wenye sonona sugu, lililochapishwa mwaka 2018, liliona jambo kama hilo: walioondokewa kabisa na sonona walikuwa kama asilimia 41 kwa mashine ya kweli na asilimia 37 kwa geresha, tofauti ambayo haina uzito. Mawazo yangu ni haya. Mtu mgonjwa aliyezoea kujifungia ndani anapewa sababu ya kuamka, kuoga na kutoka kila siku. Anafika mahali anapokelewa, anaitwa kwa jina, anaulizwa amelalaje jana, na anasikilizwa jibu. Anatarajia kupona. Wiki nne za namna hiyo si kitu kidogo. Wengi wetu hapa tunakaa miezi bila mtu kutuuliza tumelalaje. Sidharau geresha hata kidogo, ila silipi maelfu ya dola kuinunua.

Sasa, mbona basi naunga mkono majaribio? Kwa sababu dawa na tiba zilizopo haziwatoshi wote. Vidonge ambavyo FDA imeviruhusu rasmi kwa PTSD ni viwili tu, sertraline na paroxetine, vya mwaka 1999 na 2001. Mwaka 2024 kulikuwa na matumaini ya dawa nyingine, MDMA, ikakataliwa. Wapo wanaomeza vidonge na kuhudhuria vikao vyote na bado usiku wanapiga kelele. Kwa ajili yao lazima kitu kipya kitafutwe, na njia ya kukijua ni kujaribu kwa haki. Waliojaribiwa hapa Marekani mpaka sasa wengi ni askari wastaafu wa nchi hii, wengi wao wanaume. Mwanamke aliyebakwa Walikale akiwa na miaka kumi na mitano hajafanana nao kwa umri, kwa jeraha wala kwa maisha aliyonayo sasa. Mara nyingi hata akitaka kushiriki anakuta sharti la kujua Kiingereza cha kujibu madodoso. Mimi nasema tuwaulize watafiti hao: mkalimani yuko wapi? Tiba ikija kuthibitishwa bila sisi kuwemo, tutaambiwa inafaa kwa wote bila mtu kuwa na hakika.

Najua kuna wanaosema "Wazungu wanatufanya panya wa maabara". Hofu hiyo haikutoka hewani. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwaangalia wanaume weusi mamia wakiumwa kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Lakini ni kashfa hiyo iliyoleta sheria zinazokulinda leo: kamati ya maadili lazima ipitishe jaribio, lazima upewe fomu ya ridhaa katika lugha unayoielewa, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Fomu isomewe kwako yote. Uliza kama kuna kundi la geresha, na kama waliopata geresha watapewa ya kweli mwishoni. Uliza nani anagharimia. Ukisikia neno "jaribio" na papo hapo unatakiwa kulipa maelfu, shika viatu vyako. Na jaribio kuonekana kwenye rejista ya ClinicalTrials.gov hakumaanishi kwamba serikali imeliidhinisha, maana anayeliandikisha ni mwenye jaribio mwenyewe.

Kuna tahadhari moja inayowahusu watu wetu kuliko wengine. Chuma kichwani au karibu na kichwa ni hatari kwa mashine hii: vipande vya risasi au bomu, vyuma vilivyowekwa na daktari, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni. Mwenye kifaa cha moyo naye aseme. Wako ndugu zetu wanaobeba vipande vya vita mwilini na hawajawahi kupigwa picha ya kichwa. Kama ulijeruhiwa, sema, hata kama kovu ni dogo na ni la zamani. Sema pia kama umewahi kuanguka kifafa, kama unakunywa pombe nyingi, na dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba. Na usiache vidonge vyako ghafla eti unasubiri sumaku.

Kabla ya hayo yote, ipo tiba ambayo imekwisha kuthibitishwa na haina mashine: tiba ya mazungumzo inayolenga lile jeraha lenyewe. Mwongozo wa wizara za Marekani za maveterani na ulinzi wa mwaka 2023 unaiweka mbele ya vidonge, na kuhusu sumaku unasema ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa. Uingereza pia, mwongozo wa 2018 unaanza na mazungumzo. Najua mtasema hiyo ni tiba ya Wazungu, sisi hatuna desturi ya kumweleza mgeni mambo ya ndani. Basi sikilizeni. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio lililofanyika Kongo mashariki, vijijini, kwa wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono au kuushuhudia. Wanawake 157 walikaa vikundi vya tiba, wakiongozwa na akina mama wa hukohuko waliofundishwa, si madaktari. Wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi walikuwa asilimia 9, na kwa wengine asilimia 42. Kwa PTSD matokeo yalikwenda vivyo hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2008, ilitoka ripoti ya kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia, 277 kwa jumla, na waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze wapi, namwambia amwone daktari wake wa kawaida, aeleze ndoto na usingizi bila kuficha, na aombe apelekwe kwa mtaalamu wa kiwewe. Hospitali inayopokea fedha za serikali hapa Marekani inatakiwa kukupa mkalimani bure, na Uingereza NHS hufanya hivyo pia. Sema lugha yako ni Kiswahili, na kama ni Kibembe au Kirundi unachokielewa zaidi, sema hivyo. Ukiona mkalimani ni mtu wa kanisa lako au msikiti wako na unaona haya, una haki ya kuomba mwingine kwa simu. Kwa aliyefika mahali pa kutaka kujidhuru, namba hapa Marekani ni 988, usiku na mchana, na Uingereza ni 116 123. Ila tafadhali usimchukue binti yako wa miaka kumi na miwili akutafsirie habari hizo.